Seti ya pampu na kaseti ya mm 37: inafaa kwa masizi ya dizeli, ila rotamita yake (kipimo cha mwendo wa hewa) haifai Nairobi

Ndani ya kasha mna pampu ya kufunga kiunoni, mpira wa kupitisha hewa, klipu ya kola na kaseti, yaani kikasha chenye filta mbili za kwatzi. Kwa anayepima hewa kwenye gereji za Industrial Area au steji za matatu, hii ndiyo ya kununua. Kipimo cha leza cha bei nafuu, kinachohesabu chembe hewani, tusikitegemee: huanza kuona chembe za maikroni 0.3 hivi (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na chembe nyingi za dizeli ni ndogo kuliko hapo. Basi laweza kuunguruma steji watu wakaziba pua, na namba zisitikisike. Lori likipita kwenye murram, zinaruka kwa vumbi.

Kaseti hutenganisha vumbi na masizi mlangoni. Hewa hupita kwenye tundu jembamba kisha hukata kona kali. Chembe nzito hushindwa kupinda, zikanasa kwenye bamba. Zile za chini ya maikroni moja hufika kwenye filta. Mwendo wa hewa ukipungua, kona hulegea na vumbi hupenya.

Sasa rotamita, ule mrija wenye kigololi kinachopandishwa na hewa. Alama zake zimepigwa kwa hewa ya usawa wa bahari, na Nairobi iko mita 1,700 hivi juu, hewa ikiwa nyepesi kwa karibu asilimia 18. Kigololi kikisimama kwenye 2.0, zinazopita ni takriban lita 2.2 kwa dakika. Andika 2.0 kwenye fomu inayokwenda maabara na filta, na jibu la maabara litazidi ukweli kwa asilimia 10 hivi. Dawa yake ni bureti ya povu la sabuni, mrija wenye alama ambamo povu husukumwa na hewa ukapima muda wake: unganisha kaseti ya akiba ya aina ileile, pima kabla na baada ya zamu, na vipimo vikipishana kwa zaidi ya asilimia 5, tupa sampuli. Zamu ya saa 8 kwa lita 2 ni lita 960, zinatosha kabisa.

Mpira ukae nyuma ya kaseti. Wapo wanaourefusha mbele ili ufike dirishani, na umeme tuli wa plastiki huvuta masizi yakagandia ukutani kabla ya kufika kwenye filta.

Filta ya pili si pambo. Kwatzi hunyonya pia mvuke wa mafuta, nao huhesabiwa kama kaboni oganiki. Toa kiasi cha filta ya nyuma kwenye ile ya mbele. Kwa dizeli, lakini, iombe maabara ikupe kaboni ya masizi peke yake, maana mvuke hauigusi.

Mchoma mahindi ndiye mtihani mgumu zaidi. Moshi wa makaa una kaboni hiyohiyo, na hakuna filta inayoulizia ilikotoka. Weka kaseti nyingine upande upepo unakotokea, mbali na magari na jiko, ulinganishe.