Semina ya wachumba Moshi mjini, kwa mlio njia panda kiimani kama mimi

Wapendwa nimeona watu wanauliza kama ile semina ya wachumba ya usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) hapa Moshi mjini inafaa au ni kupoteza Jumamosi tu. Inafaa sana, hasa kama nusu ya moyo wako bado iko kwa walokole waliokulea na nusu nyingine haiwezi tena kuitikia amina kwa kila kitu.

Walimu ni wawili na hapo ndo utamu ulipo. Kuna mwinjilisti mstaafu, Biblia yake ya zipu imejaa mistari ya kalamu nyekundu mpaka pembeni, halafu kuna mchungaji mwanamke (KKKT wanabariki wanawake tangu miaka ya 1990 mwanzoni, lakini zipo familia huku kwetu hazijalimeza mpaka leo). Hawakubaliani na hawafichi. Mwinjilisti alianza Waefeso 5 na mstari wa 22, wake watiini waume zenu, mchungaji akamwambia kwa heshima kabisa "baba, naomba turudi mstari mmoja nyuma", ule wa 21 unaosema mnyenyekeane, na mzee wa watu akarudi akausoma kwa sauti.

Moto uliwaka pale dada mmoja alipouliza mume akikupiga unafanyaje. Mwinjilisti akaenda Mathayo 19, alichounganisha Mungu mwanadamu asitenganishe, vumilia na uombe. Mchungaji akafungua Sheria ya Ndoa ya 1971 kwenye simu, kifungu cha 66, hakuna mtu mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake, akasema dawati la jinsia lipo polisi na kukimbia kuokoa maisha sio kuvunja kiapo. Mi hapo niko na mchungaji na hakuna wa kunitoa.

Ila sasa yule yule mzee akaja kufundisha sala ya familia, yani kwamba watu msilale kabla hamjapiga magoti pamoja hata kama mmenuniana, nikajikuta nalia kwasababu hiyo ndo nyumba niliyokulia na ndo nyumba ninayoitaka, na sijaona huko kwenye mambo ya kisasa mtu akinifundisha kuomba vile. Nikimchukua mzee namchukua na lile la kuvumilia kipigo, nikimwacha naogopa nitaacha na magoti. Hii ndo shida yangu na sidhani ni yangu peke yangu.

Kaka mmoja akauliza swali langu kabisa, kwamba kama "wanawake wanyamaze kanisani" tunasema ilikuwa mambo ya Korintho ya wakati ule, kesho si tutasema hivyo hivyo kuhusu ufufuo? Mchungaji hakumkejeli. Alimwambia asome 1 Wakorintho yote, sura ya 11 Paulo anazungumzia wanawake wanaosali na kuhutubu, sura ya 14 anawanyamazisha, sura ya 15 anasema Kristo asipofufuka imani yetu ni bure, barua moja, na ni hilo la 15 tu Paulo mwenyewe analisema ndilo likianguka yote yameanguka. Mwinjilisti akasema hapo nakubali, ila akaongeza kwamba kupima kipi cha wakati na kipi cha milele ni kazi ya kuogopa. Wote wawili niliwaelewa na bado sijui nakaa wapi, ila kwa mara ya kwanza sikuona kama nalazimishwa kuchagua siku hiyo hiyo.

Malalamiko: uzazi wa mpango walipitia juu juu sana, na pesa za ndani ya ndoa hawakugusa kabisa. Chai ya maziwa na maandazi vipo, mchana mtori mzito, mchango ni mdogo.

Nendeni mapema kabla hamjapeleka majina ya matangazo ya ndoa, maana sheria inataka notisi ya siku 21 kabla ya kufunga ndoa na mkishaanza hiyo hamtakuwa na akili ya kukaa kubishana. Kaeni mbele, spika za nyuma zinakoroma.