Fundi wa Kadutu aliyenishonea vikwembe vya kwenda kwa mfalme

Leo asubuhi nimemlipa fundi wangu dola 10 zilizokuwa zimebaki, nikamwambia nitaandika habari zake bila kumpamba. Kibanda chake kiko Kadutu, hapa Bukavu, Kongo, juu kidogo ya soko, mashini mbili za mguu na pasi ya makaa. Jina lake silitaji kwa sababu ya zipu, mtaona.

Mimi ni muuguzi, naishi Uingereza. Mwaliko wa karamu ya bustani pale Buckingham Palace, jumba la mfalme London, hauombwi, wengine ndio wanaopeleka jina lako, na langu lilipelekwa bila mimi kujua. Kadi ilikuja kwa ajili ya Mei 2024. Upande wa mavazi: wanaume suti au sare, wanawake gauni la mchana na kofia, au vazi la kitaifa. Kusoma hilo la mwisho tu, nikampigia mama hapa Bukavu. Mama alikulia enzi za Mobutu, suruali ya mwanamke na tai ya mwanaume vikiwa marufuku, kwa hiyo hakufikiri hata kidogo. "Vikwembe. Vitatu." Yaani vitenge: blauzi, cha chini, na cha kufunga juu yake. Na kofia je? "Kwani kilemba ni nini?"

Vipimo nilituma kwa WhatsApp. Fundi akauliza swali ambalo hata wenzangu wa kazini hawakuniuliza: utasimama wapi? Nikasema kwenye majani. Akakata cha chini vidole vinne juu ya kifundo cha mguu, akaniambia niache viatu vya kisigino chembamba. "Majani ya mufalme nayo inalowana, dada." Anayajua matope ya Kadutu huyu. Siku yenyewe niliona wanawake wenye kofia za bei kali wakichomoa visigino ardhini kama wanang'oa mihogo, mimi napita.

Mshono ni safi kabisa. Maua ya kitambaa yanakutana mbavuni kama hayakukatwa. Ila mikono ya puto alizidisha. Mageti yanafunguliwa saa tisa, saa kumi Mfalme Charles anatokea, bendi inapiga wimbo wa taifa, halafu walinzi wa kale wenye sare nyekundu wanawapanga wageni pande mbili ili apite katikati. Tulibanana pale, puto langu la kushoto likawa linampapasa usoni mzee mmoja mwenye medali. Alivumilia. Mfalme mwenyewe nilimwona kofia tu, maana wa kuzungumza naye ni wachache.

Sasa zipu. Nililipa dola 2 za ziada kwa zipu ya chuma. Akaweka ya plastiki. Ilipasuka chooni, kituo cha treni cha Victoria, saa nane kasoro, sina hata pini. Kilichoniokoa ni kikwembe cha tatu cha mama: nilikifunga juu, nikakaza, hakuna aliyejua.

Na muda! Alisema Jumamosi. Ikapita Jumamosi nyingine. Mtu wa kunibebea mzigo hadi Kigali alikuwa anaondoka Alhamisi, ikabidi mama aende kukaa kwenye kile kibanda tangu asubuhi mpaka giza, kimya, mkoba magotini. Usiku huo ikaisha.

Leo mwanafunzi wake alitaka kujua tulikula nini. Nikamwambia wanasema kila karamu wageni ni kama 8,000, vikombe vya chai 27,000, sandwichi 20,000, vipande vya keki 20,000. Akapiga hesabu kwa chaki mezani. "Sandwichi mbili na nusu kila mutu? Kwa mufalme?" Nami nikamwambia ni ndogo, zimekatwa kingo, moja ni mdomo mmoja. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hakuna, bugali hakuna. Walicheka hadi mashini zikasimama.

Kushona ni dola 30, kitambaa unaleta mwenyewe. Zipu pia leta mwenyewe, na simama pale akiiweka. Mimi nimemwachia kitambaa kingine cha harusi ya binamu yangu, mikono ya kawaida. Ameniambia Jumamosi. Mama tayari ameulizia kama kile kiti bado kipo.