Mafuta ya sibakthoni: kabla hujalipa, jua ni ya tunda au ya mbegu

Karibuni tena. Mezani nina chupa mbili, mililita 30 kila moja, zote zimeandikwa Hippophae rhamnoides, jina la kisayansi la sibakthoni. Ukikuta neno oblepikha, hiyo imetoka kwa Warusi, mmea ni uleule: kichaka cha miiba chenye vitunda vya rangi ya chungwa, vichachu kwelikweli. Kinaota Siberia, Mongolia, China, na Ladakh kule India.

Sasa sikilizeni. Tunda hili lina mafuta ya aina mbili, na wauzaji wengi hawasemi wanakuuzia yapi. Nadondosha tone la chupa ya kwanza kwenye tishu. Mnaona? Rangi ya chungwa iliyokolea, zito. Haya yametoka kwenye nyama ya tunda, na ndiyo yenye omega-7, aina ya asidi ya mafuta, kwa wingi. Chupa ya pili: manjano, mepesi. Hayo ni ya mbegu. Yana omega-3 na omega-6, omega-7 ni kidogo mno. Ukiuziwa ya mbegu kwa sifa za omega-7, umepigwa.

Ila msiamini rangi peke yake. Yapo mafuta ya alizeti yaliyolowekwa makapi ya tunda hili, nayo hutoka mekundu. Si feki, mradi bandiko liseme na bei ishuke. Yalaze kwenye friji: ya tunda halisi huwa mazito, hata kuganda, ya alizeti hubaki majimaji.

Usoni usipake matupu. Matone mawili au matatu kwenye kijiko cha chai cha mafuta ya jojoba yanatosha. Ukizidisha, ngozi inageuka njano, na foronya nyeupe ndiyo basi tena, doa lake halitoki kirahisi. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko, usubiri saa 24.

Ya mbegu huchacha upesi kwa hewa na mwanga, kwa hiyo chupa iwe ya kioo cheusi, ikae friji. Yakianza kunuka kama rangi ya mafuta ya mlangoni, mwaga.

Kuyanywa? Kama unatumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, au unasubiri upasuaji, muulize daktari kwanza. Na anayekwambia yanatibu saratani, mwache na chupa yake.

Kwa ngozi kavu, chupa ya kwanza naipa nane kwa kumi. Ya pili tano: mafuta hayana kosa, lakini kioo chake ni cheupe na kidondoshi kinavuja.