Fungu la pingili 25 za mpopla chotara: kuota linaota, kazi ni kupata pa kulipanda

Mpopla, mti unaokua haraka ambao tafsiri za maandiko matakatifu huuita mlubna, huuzwa kwa hali tatu: pingili tupu, yaani vipande vya tawi visivyo na mizizi, mche uliong'olewa ukiwa na mizizi mitupu, na mche ulio ndani ya kopo. Tunalopima hapa ni fungu la pingili 25, lile linalofika limeviringishwa kwenye karatasi yenye unyevu ndani ya mfuko wa nailoni. Kwa mwenye kiwanja kikubwa anayetaka ukuta wa kukinga upepo, hakuna ununuzi bora kuliko huu. Kwa mwenye ua wa hatua ishirini, ni heri asinunue kabisa, na sababu zake tutazifikia.

Kwanza fungua mfuko siku hiyo hiyo ukague. Pingili nzuri ina urefu wa sentimita 20 hadi 30 na unene wa sentimita 1 hadi 2, yaani kuanzia penseli kwenda kidole gumba. Iwe imetoka kwenye tawi la mwaka mmoja, lililokatwa mti ukiwa umepukutisha majani na bado haujachipua, na macho yake yawe yamefunga. Kwaruza gome kwa ukucha: ukiona kijani chenye unyevu, ipo hai, ukiona kahawia kavu, hizo ni kuni. Pingili mbili tatu nyembamba kutoka ncha za matawi hazikosekani katika fungu lolote, lakini zikifika nusu, rudisha. Nyembamba huchipua kama wenzake, ila akiba yake ya chakula huisha kabla mizizi haijashika.

Wauzaji makini huchovya ncha ya juu kwenye nta au rangi. Ni jambo dogo lenye faida kubwa, kwa kuwa huzuia maji kukauka juu na hukuonyesha upande wa kichwa. Pingili iliyopandwa kichwa chini huchelewa na mara nyingi hufa. Kama hakuna alama, tazama macho. Ncha zake huelekea juu siku zote.

Kasoro inayotukera zaidi iko kwenye lebo. Kuandika "mpopla chotara unaokua haraka" hakumsaidii mtu. Kila pingili ni pacha wa mti mama, kwa hiyo jina la ukoo wake ndilo linalokuambia kama ni dume au jike, utakuwa na umbo gani na utaugua nini. Fungu la OP-367 kwa mfano ni chotara wa Populus deltoides na Populus nigra, na herufi zile OP zinatokana na Oxford Paper, kampuni ya karatasi ya Marekani iliyodhamini kazi ya kuchanganya mipopla katika miaka ya 1920. 'Robusta' na 'Italica' ni madume, hayatoi pamba. Muuzaji asiyeweza kutaja jina, mwache.

Na hiyo pamba nayo inasingiziwa mengi. Nyuzi nyeupe za mti jike huziba nyavu za viyoyozi na kutapakaa uani kwa wiki kadhaa, ni kero kweli. Lakini chafya nyingi zinazolaumiwa juu yake huletwa na chavua, na chavua hutoka kwa dume. Anayenunua dume ili aepuke mafua amechukua kile alichokuwa anakikimbia.

'Italica', ule mrefu mwembamba kama mshumaa, hatuupendekezi kwa ukuta wa kudumu. Ulienea Ulaya kuanzia karne ya 18 kwa njia ya vipande vya matawi, na safu nzima kwa kweli ni mti mmoja uliokatwakatwa. Vidonda vya gome vinavyoletwa na kuvu wa Cytospora huupata kwa urahisi, na baada ya miaka 15 hadi 20 mara nyingi vilele huanza kukauka kimoja baada ya kingine, ukabaki na safu yenye mapengo kama meno ya mzee. Mpopla mweupe, Populus alba, nao una tabia ya kutoa maotea kutoka kwenye mizizi mita nyingi mbali na shina. Ukitaka kuona tabia hiyo ya jamii ya mipopla ikifika mwisho wake, kuna Pando huko Utah, Marekani: maelfu ya mashina ya Populus tremuloides juu ya mfumo mmoja wa mizizi, eneo la hekta 43 hivi.

Turudi kwenye fungu. Kama udongo bado ni wa baridi, lihifadhi kwenye jokofu kati ya nyuzijoto 0 na 4 likiwa na unyevu, lisigande. Kabla ya kupanda, simamisha pingili kwenye ndoo, kitako chini, theluthi mbili ndani ya maji, kwa saa 24 hadi 48. Usingoje mizizi itokee ndooni. Vinundu vyeupe vikishatokea, huvunjika wakati wa kupanda na pingili hulazimika kuanza upya kwa akiba iliyopungua.

Panda udongo ukishafika nyuzijoto 10 asubuhi kwenye kina cha pingili. Lainisha ardhi sentimita 30 kwenda chini, toboa kwa fimbo ya chuma, dumbukiza pingili, ukiacha jicho moja juu ya ardhi, yasizidi mawili. Hapa ndipo wengi huharibu: huona uchungu kuzika kijiti chote, wakaacha nusu nje. Nusu hiyo hukauka kwa jua na upepo na kuivuta iliyo chini, ilhali pingili hutoa mizizi ubavuni mwake kote kulikogusana na udongo. Kisha kanyaga pembeni kwa kisigino. Uwazi wa hewa kando ya pingili ni sawa na kuiacha mezani.

Baada ya wiki mbili hivi majani yatatokea na utafurahi mapema. Majani hayo ya kwanza yametoka kwenye akiba ya pingili yenyewe, mizizi huenda bado haipo. Likija joto kali na udongo ni mkavu, yatanyauka kwa siku moja. Mwagilia udongo ubaki na unyevu, usiwe tope, kwa wiki sita za mwanzo; baada ya hapo maji ya kina cha sentimita 2.5 hadi 5 kwa wiki, mvua ikihesabiwa, yanatosha kwa mwaka wa kwanza. Na usiivute pingili kuangalia kama imeshika!

Mafungu mengi huja na vidonge vya mbolea kama zawadi. Viweke kando. Mwaka wa kwanza mbolea hulisha magugu kuliko mti, na ikiwekwa kuchelewa huchochea matawi mabichi yanayounguzwa na baridi. Kinachoamua ukuaji ni palizi. Nyasi zina mizizi mingi ya juujuu na hunywa maji kabla ya mpopla kuyafikia, kwa hiyo acha duara la mita 1 bila nyasi kwa miaka miwili au mitatu, na weka matandazo ya sentimita 5 hadi 8 yasiyogusa shina. Mashine ya kufyeka ya uzi usiikaribishe. Jeraha moja la uzi kwenye gome changa ni mlango wa Cytospora.

Machipukizi yakifika sentimita 15 hadi 30, bakiza moja lililo imara, mengine kata. Baada ya hapo pogolea mti ukiwa hauna majani, na bakiza walau theluthi mbili za kimo cha mti zikiwa na matawi.

Je, ahadi ya wauzaji ya kukua mita 2.5 kwa mwaka ni ya kweli? Mwaka wa kwanza hapana. Tegemea mita 1 hadi 2. Kuanzia mwaka wa pili au wa tatu, penye jua la kutwa na udongo wenye unyevu, kasi hiyo inawezekana. Kwenye udongo mkavu, mwembamba au wenye kivuli utapata nusu yake pamoja na magonjwa.

Magonjwa hayo yana asili inayoeleweka. Kutu, ugonjwa wa kuvu wa Melampsora, huonekana kama unga wa rangi ya chungwa chini ya majani kuelekea mwisho wa majira ya joto, na majani hupukutika kabla ya wakati. Aina zake kadhaa huhitaji mmea wa pili ili kukamilisha mzunguko wao: nyingine hutumia mti wa Larix wa jamii ya misonobari, nyingine jamii ya vitunguu. Kwa hiyo usipande safu kando ya bustani ya vitunguu, na kusanya majani yaliyoanguka uyaondoe. Kidonda cha gome kikitokea kwenye tawi, kata sentimita 10 hadi 15 chini yake penye sehemu isiyo na ugonjwa, ukifuta msumeno kwa spiriti kila mkato. Kikiwa kwenye shina, hakuna dawa ya kukiponya. Ndiyo maana tunashauri ununue mafungu mawili au matatu ya koo tofauti na kuzichanganya katika safu moja. Ugonjwa ukija, usikute pacha 25 wamepanga mstari.

Sasa ua. Kijikaratasi cha maelekezo husema nafasi kati ya mti na mti, mita 2 hadi 3 kwa ukuta wa upepo, kikanyamaza juu ya nafasi kati ya mti na nyumba. Mpopla hupita mita 20 kwa kimo, matawi yake ni mepesi kuvunjika, na mizizi hufuata unyevu hadi kwenye maungio ya mabomba yenye nyufa na kuyajaza. Kwenye udongo wa mfinyanzi hali ni mbaya zaidi: mti hunyonya maji, udongo husinyaa, msingi hutitia. Mita 20 kutoka kwenye jengo, karo la maji taka au bomba ndicho kiwango cha chini tunachokubali, na 30 kwenye mfinyanzi. Hesabu pia nyumba ya jirani.

Panga pia siku ya kuukata, kwani chotara wengi huchoka kati ya miaka 20 na 40. Kisiki kikiachwa hivi hivi hutoa maotea kila upande. Paka dawa ya kuua visiki iliyoruhusiwa palepale baada ya kukata, kabla uso haujakauka. Na mipopla iuzwayo kwenye mafungu haya ni miti ya nchi zenye majira ya baridi. Populus ilicifolia wa kandokando ya Mto Tana nchini Kenya ni ndugu yake aliyezoea joto, lakini siye aliye ndani ya mfuko.

Mche wa mizizi mitupu hukuokolea takriban mwaka mmoja, mradi mizizi isikauke hata kwa saa moja juani. Ule wa kopo hauna faida nyingine ila kupandwa wakati wowote wa msimu, na ukikuta mizizi imejizungusha ukutani mwa kopo, uache dukani.

Pingili 25 kwa nafasi ya mita 2.5 ni safu ya mita 60. Ukihitaji pungufu, panda zilizobaki kwenye tuta kwa nafasi ya sentimita 30 ziwe akiba ya kuziba mapengo. Hamisha mwaka wa kwanza ukiisha, majani yakiwa yamepukutika. Zisizopata pengo hadi mwaka wa pili zing'oe zikiwa bado zinang'oka kwa jembe.