Amplifaya ndogo ya vali ya kupigia gitaa nyumbani: ipi ununue ukiwa Mombasa

Wati 5 zinaonekana kama kitu cha kuchezea mpaka uzifungulie ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi. Spika ya gitaa ikipewa wati 1 tu hutoa karibu desibeli 95, pengine zaidi, kwa msikilizaji aliye mita 1 mbele yake. Na ukishuka kutoka wati 10 hadi 1, unapunguza desibeli 10, ambazo sikio huzihesabu kama nusu ya sauti, si sehemu ya kumi. Kwa hivyo usidanganywe na namba iliyoandikwa usoni. Cha kuuliza ni kama amplifaya ina njia ya kushusha nguvu bila kuua ladha, maana ule mkwaruzo mtamu wa vali (zile chupa za kioo zinazokuza sauti ndani ya amplifaya) hutoka pale vali ya mwisho, ile ya nguvu inayosukuma spika, inaposukumwa kwelikweli.

Hapa mjini jambo hili lina uzito wake. Nyumba nyingi za Kiswahili za Majengo vyumba vyake havina dari, na sauti hupita juu ya ukuta hadi kwa mpangaji wa mwisho wa ukumbi. Ghorofani Tudor au Kizingo madirisha hukaa wazi mchana kutwa kwa ajili ya joto. Usipokuwa na swichi ya kushusha nguvu au tundu la hedifoni, utapiga gitaa kwa ratiba ya jirani.

Kabla hujatazama jina la kampuni, geuza amplifaya usome kibandiko cha nyuma. Unatafuta volti 220 hadi 240, hezi 50. Bidhaa iliyotoka Uingereza huja hivyo, tena na plagi ya pini tatu za mraba kama yetu. Iliyotoka Marekani imeandikwa 120V 60Hz, na ya Japani 100V. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani, ukiwa na bahati itakata fyuzi. Ukikosa, itachoma transfoma, na transfoma ndiyo roho ya bei. Transfoma ya kushusha volti inasaidia, mradi uwezo wake uwe angalau mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Hapo ni wati za umeme unaoingia, ambazo kwa amplifaya ya sauti ya wati 5 huwa kama 30 hadi 50. Lakini hezi 50 za hapa haziwi 60 kwa kubadilisha volti: transfoma iliyotengenezwa kwa ajili ya 60 tu hupata moto zaidi kwenye 50. Kama una nafasi ya kuchagua, achana nayo.

Ya kwanza: Marshall DSL1CR. Wati 1, na swichi ya kuishusha hadi 0.1. Ina chaneli mbili, mwangwi, tundu la hedifoni na spika ya inchi 8. Kwenye 0.1 unaweza kufungulia mpaka vali zikwaruze na bado ukaongea na mtu aliye chumbani. Ubovu wake ni sanduku dogo: besi ni nyembamba, na sauti safi huisha mapema. Blackstar HT-1R MkII ni ndugu yake wa karibu, wati 1 na inchi 8 vilevile. Ikiwa bei yake iko chini, ichukue bila kujuta.

Ya pili: Blackstar HT-5R MkII, na kwa mpigaji wa benga au rumba hii ndiyo ya kwanza. Gitaa la solo la benga linataka sauti safi, kali, inayokatika upesi kidole kikitoka. Wati 1 haiwezi, kwa kuwa ukigonga uzi kwa nguvu inaanza kukwaruza. HT-5R ina wati 5, spika ya inchi 12 yenye kifua, na swichi ya kushuka hadi 0.5 usiku. Angalia tu kwamba vali yake ya nguvu ni ya aina ya 12BH7, isiyopatikana kirahisi kama aina ya EL84. Ukiagiza vitu nje, weka ya akiba kwenye mzigo huohuo.

Ya tatu: Bugera V5 Infinium. Wati 5, 1 au 0.1 kwa kuzungusha swichi moja, na vali mbili tu: 12AX7 ya mbele na EL84 ya nguvu. Kwa mwenye mfuko mwembamba hii ni mali. Spika yake ya inchi 8 ndiyo huzuia isipande juu zaidi kwenye orodha.

Ya nne: Vox AC4C1-12. Wati 4 kupitia EL84 moja na spika ya inchi 12. Sauti inang'aa kweli, pengine nzuri kuliko zote hapa. Lakini haina hedifoni wala swichi ya kushusha nguvu. Ni ya mwenye nyumba iliyojitenga.

Amplifaya za aina ya Fender Champ, kama '57 Custom Champ, zina nobu moja tu ya sauti na wati 5: ukitaka mkwaruzo, fungua, na mtaa usikie. Fender Blues Junior ya wati 15 ni chombo kizuri cha kanisani na hotelini, si cha chumbani.

Ukinunua iliyokwisha kutumika, usikubali kuonyeshwa ikiwaka taa tu. Iwashe ukiwa hujachomeka gitaa, nobu ya sauti iwe sifuri, usubiri dakika kama mbili, kisha sikiliza. Mngurumo mzito ambao haubadiliki hata kidogo unaashiria kapasita za kuchuja umeme zimechoka. Fundi atazibadilisha, kwa hiyo kata gharama hiyo kwenye bei. Sasa fungua sauti kiasi, gongagonga kila vali kwa kalamu ya risasi. Ile ndogo ya mbele ikilia "ting" kwenye spika, imechoka. Tazama kioo kwa juu: doa la rangi ya fedha ni zima, likiwa jeupe kama maziwa hewa imeingia na vali hiyo imekufa. Zima taa ya chumba utazame vali ya nguvu. Mwanga wa chungwa katikati ni wa kawaida; bati la pembeni likianza kuwa jekundu, zima papo hapo. Mwisho zungusha kila nobu polepole. Chakarachakara hapo ni ya pwani, na mara nyingi huondoka kwa dawa ya kusafishia kontakti.

Usikubali kamwe muuzaji awashe amplifaya ya vali iliyochomolewa spika. Nguvu ikikosa pa kwenda hurudi kwenye transfoma ya kutolea sauti na kuichoma. Zenye tundu la hedifoni, ukichomeka hedifoni nguvu hiyo imetengenezewa njia yake ndani, hapo hapana neno.

Kufungua sanduku mwachie fundi anayejua vali, si kila fundi wa redio. Ndani kuna volti 250 hadi 350, na kapasita huzishikilia hata baada ya kuchomoa plagi. Fyuzi ikikatika, weka yenye namba ileile. Ikiandikwa T, maana yake ni ile inayochelewa kukatika. Karatasi ya sigara si fyuzi. Kwenye plagi ya ukutani toa ile ya ampea 13 uweke ya 3.

Chumvi ya bahari hula miguu ya vali na jeki. Wakati wa masika iweke juu ya meza, si sakafuni, na iwashe japo mara mbili kwa wiki ili joto lake likaushe unyevu. Joto lipo la kutosha: EL84 moja hula karibu wati 5 kwa kuwasha uzi wake wa ndani unaong'aa tu, na bati lake linaweza kutema joto la hadi wati 12. Acha nafasi ya shubiri moja nyuma, na usiifunike kwa kanga mpaka ipoe. Stima ikikatika, izime kwa swichi na uchomoe plagi. Ikirudi, subiri taa za nyumba zitulie kwanza.