ELM327 ya Bluetooth: inasaidia nini taa ya cheki injini ikigoma kuzima baada ya kuchomelea ekzosti?

Gari limetoka kwa mchomeleaji, kelele zimekwisha, lakini taa ya njano bado inawaka kwenye dashibodi. Hapo ndipo wengi hununua ELM327, kile kidude cha plastiki kinachochomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani na kusomwa kwa simu. Bei yake haifiki nusu tanki ya IST. Kwa kazi hii kinatosha kabisa, mradi usikigeuze kifutio.

Kitufe cha kufuta ndicho kinachowaponza watu. Ukikibonyeza, namba ya hitilafu inaondoka pamoja na kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea: mzunguko wa injini (RPM), joto, mzigo, mwendo. Hizo ndizo dalili zenyewe. Piga picha ya skrini kwanza. Tena, taa kuwaka siku ile ile ya matengenezo haimaanishi fundi ameharibu, kwa sababu kompyuta huizima yenyewe baada ya safari tatu mfululizo za kujipima bila kuona kosa. Vilevile, taa ikizimika baada ya kufuta usishangilie. Vipimo vyote vimeanza upya, na cha katalisti (kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosti) huhitaji injini ipate moto na gari liende mwendo wa kutulia barabarani kabla hakijatoa jibu.

Thamani ya kifaa hiki iko kwenye vipimo vya moja kwa moja. Fungua programu ya simu kama Torque au Car Scanner, washa injini hadi ipate moto, kisha angalia STFT na LTFT, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Zikicheza ndani ya 10 juu au chini, usijisumbue. Zikipanda hadi +20 gari likiwa sailensa (injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta), kisha zikashuka karibu na sifuri ukifikisha mzunguko wa 2500, kuna hewa inayoingia isipotakiwa. Inaweza kuwa mpira wa upande wa hewa uliopasuka, lakini kama ekzosti imetoka kuchomelewa, anza na ekzosti. Watu hudhani tundu kwenye bomba hutoa moshi tu. Kati ya pigo moja la moshi na jingine presha hushuka, na tundu linavuta hewa ndani. Sensa ya oksijeni iliyo karibu inaona oksijeni nyingi, kompyuta inaamini mafuta ni machache, inaongeza. Mwisho wake ni P0171 (namba ya mchanganyiko wenye mafuta machache), plagi nyeusi na mafuta yanayoisha haraka.

Sasa sensa ya nyuma, ile iliyo baada ya katalisti. Injini ikiwa moto kwenye 2500, voti zake zinatakiwa zitulie, kwa kawaida 0.6 hadi 0.7. Zikipanda na kushuka upesi kati ya 0.1 na 0.9, katalisti imechoka au ndani hamna kitu, na P0420 (namba ya katalisti dhaifu) itarudi hata ufute mara ngapi. Muulize fundi bila aibu kama masega ya ndani ya katalisti yametolewa, maana yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na yana soko. Ile spesa inayofungwa chini ya sensa ya nyuma huidanganya kompyuta, hairudishi katalisti. Voti zikilala karibu na sifuri muda wote, tafuta mvujo jirani na sensa au waya uliokatika.

Waya ndio ajali ya kawaida kwa wachomeleaji: umevutwa, umeungua, au plagi ya waya haikurudi vizuri. P0135 ni hita ya sensa ya mbele, P0141 ya nyuma. Hapa simu haitoshi, chukua mita ya umeme (multimeter). Kwenye sensa ya Denso yenye nyaya nne, pima kati ya nyaya mbili nyeusi ikiwa imepoa. Sensa ya nyuma ya Toyota hutoa takribani omu 11 hadi 16. Mita isiposoma kitu, hita imekatika. Gundi ya silikoni iliyopakwa kwenye gasketi nayo huua sensa kwa mvuke wake. Ukifunga mpya, grisi ya shaba ni kwenye nyuzi tu, isiguse ncha, na kaza kwa Nm 44.

Mvujo wenyewe kifaa hakikuonyeshi. Injini ikiwa baridi, puliza hewa kwenye mdomo wa bomba kwa bloa, pakaa maji ya sabuni kwenye kila weldi na flenji, hasa kwenye gasketi ya pete yenye bolti za springi. Povu halidanganyi.

Kasoro kubwa kwa magari yetu: Vitz na IST za mwanzo zilizotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi hazielewani na ELM327. Taa ya kifaa inawaka, programu inasema haioni gari. Kabla hujakitupa, unganisha pini 4 na 13 za soketi kwa kipande cha waya, kisha fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya cheki injini itapepesa namba: mbili kisha moja ni 21, sensa ya mbele, 27 ni ya nyuma, 25 ni mchanganyiko wenye mafuta machache. Ikipepesa sawasawa bila kusita, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Usiguse pini 16, ina umeme wa betri muda wote.

Dukani, maandishi ya "v1.5" yasikubabaishe, Elm Electronics ya Kanada haikuwahi kutoa toleo hilo, ni kopi, ingawa nyingi zinafanya kazi. Zinazoandikwa v2.1 ndizo hukosa amri nyingi. Mwenye iPhone anunue ya WiFi au ya Bluetooth LE, ya kawaida haitaunganika. Na uichomoe ukiegesha gari, hula betri polepole.