TAHADHARI: Gitaa la nailoni lililofungwa nyuzi za chuma

Wana Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, hasa viongozi wa kwaya na wazazi mnaotafuta gitaa la kuanzia, kuweni macho na magitaa kavu (yasiyotumia umeme) ya mitumba yanayonadiwa kwenye makundi ya WhatsApp hivi: "Gitaa safi la kujifunzia, nyuzi mpya za chuma."

Mchezo ni huu. Gitaa limetengenezwa kwa nyuzi za nailoni, ambazo zote sita huvuta kwa kilo 40 hivi. Muuzaji anafunga za chuma, kwa sababu zinalia kwa nguvu na zinapatikana kirahisi madukani. Hizo zinavuta kilo 70 au zaidi. Daraja (kipande cha mbao kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa) linaanza kung'oka, ubao wa mbele unavimba, shingo inapinda. Mengi ya bei nafuu hayana chuma cha kurekebishia ndani ya shingo, kwa hiyo fundi akikuambia "nitakaza kidogo tu", muulize atakaza nini.

Kulitambua gitaa la nailoni ni rahisi. Kichwa chake kina matundu mawili marefu katikati, shingo ni pana (milimita 52 hivi pale juu, wakati la chuma lina kama 43), na kwenye daraja nyuzi hufungwa fundo, hazishikwi na vijiti vya kuchomeka kama kwenye la chuma. Ukikuta vishikizo vidogo vya shaba vya nyuzi za chuma vimekwama nyuma ya daraja la namna hiyo, rudisha gitaa, aga, ondoka.

Ukilalamika kwamba nyuzi ni ngumu, utajibiwa kwamba ugumu ndio unaokomaza vidole. Uongo mtupu! Vidole hukomaa kwa gitaa la kawaida ndani ya wiki chache. Nyuzi zikikaa juu mno, mtoto hawezi kubana kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya F hata alie, na kila anachopiga kinatoka nje ya sauti. Mwisho mnasema hana kipaji.

Kabla ya kutoa hela, pima. Nenda na rula ya shule, kadi ya benki na simu yenye programu ya kutyuni (za bure zipo). Kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, hesabu kuanzia upande wa kichwa), pima nafasi kati ya freti na uzi mnene kuliko yote. La chuma likiwa na milimita 2 hadi 3 ni zuri, la nailoni hata 4 sawa. Ikifika 5, achana nalo. Angalia tu kwamba rula nyingi zina kipande kitupu kabla ya sifuri, usije ukapunjwa na rula yako mwenyewe. Kisha bana uzi huohuo freti ya 1 na pale shingo inapokutana na mwili. Kwenye freti ya 7 pabaki nafasi ya karatasi mbili tatu za daftari. Kadi ya benki ikipita bila kugusa, shingo imepinda. Mwisho tyuni uzi huohuo ukiwa haujabanwa popote, usome E kwenye programu, kisha bana freti ya 12: isome E tena. Ikipanda kuelekea F, halitapatana na kinanda cha kanisani kamwe.

Pitisha pia kidole pembeni mwa shingo. Kiangazi chetu cha Juni hadi Oktoba hukausha mbao, na gitaa lililotoka kwenye joto la unyevu la Dar hubaki na ncha za freti zinazokwaruza. Hilo fundi analipiga tupa, lisikutishe.

Muuzaji wa mbali asiyetaka kupiga video akigonga uzi mmoja mmoja, usimtumie advansi. Jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo likiwa si lake, sitisha. "Tuma ya kufungulia mzigo, uko stendi" ni wizi. Meseji kama hiyo ipeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Umeshalinunua? Legeza nyuzi zote leo, kidogo kidogo kwa zamu, ufunge za nailoni. Daraja likiwa halijaachia hata karatasi kupenya chini yake, bado litapigika.